Kikao Nilichokikata Kabla ya "Ila"

Mugonile, vijana wangu. Nawaandikia ninyi wanne mliopanga chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Bondeni, Kyela mjini. Nasikia siku hizi karatasi ikiandikwa hupigwa picha na kusambaa, kwa hiyo huenda wakasoma na wengine. Si neno. Ninachoandika kinamhusu yeyote anayeanza siku yake ya kazi kwa kusimama na wenzake na kuulizana habari.

Ukuta kati ya chumba chenu na sebule yangu haufichi kitu. Kila siku saa mbili na nusu nasikia viti vinasukumwa, mnasimama mbele ya ule ubao wenu wa karatasi za rangi, kikao kinaanza. Mnakiita stendapu. Ipyana, kiongozi wenu, alinieleza kwamba ni cha dakika kumi na tano, na kwamba watu husimama ili wachoke mapema wasiwe na maneno mengi. Nilicheka moyoni. Mwezi ule wa kwanza nilikuwa nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe, nakwenda kuwatazama kuku, narudi, bado mmesimama mnabishana juu ya rangi ya kitufe cha kwenye kompyuta.

Kisha Ipyana akaleta dawa. Akaweka jogoo kwenye simu. Kila mtu anapewa dakika moja, na jogoo akiwika zamu imekwisha, hata kama neno limefika mdomoni. Kikao kikawa cha dakika tano. Mlifurahi. Jumatano moja mlitoka barazani mkicheka, na Ipyana akaniuliza, "Babu, enzi zenu za mabomba vikao vilikuwaje? Si mlikuwa mnahamia humo kabisa?"

Nilijibu, "Tulikaa," nikaingia ndani na kufunga mlango. Mlidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikumbuka mtu mmoja ambaye jina lake lilichafuka kwa sababu ya kikao changu cha dakika ishirini, na ambaye mimi ndiye pekee niliyebaki duniani mwenye uwezo wa kulisafisha. Nilikuwa sijafanya hivyo.

Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa msimamizi wa vikosi vya maji ya mserereko. Ni kazi rahisi kuieleza: unatafuta chemchemi mlimani, unajenga banio la kuyakusanya maji, unachimba mtaro mpaka kijijini, unalaza bomba, maji yanashuka yenyewe bila mashine. Kuifanya ndiko kugumu. Mimi sikuanzia kwenye sururu. Nilimaliza kidato cha nne, mwandiko wangu ulisomeka, basi nikapewa daftari la kumbukumbu za vikao kabla sijajua kufunga hata kiungio cha bomba. Aliyenifundisha kazi yenyewe ni fundi mmoja mzee, Tumpale, mtu wa Ipinda, mfupi, mwenye mdomo usiopumzika. Aliniita Malafyale, yaani chifu, kwa kunidhihaki, kwa sababu nilikuwa napenda kukaa mbele.

Na kweli nilipenda. Nisiwadanganye. Nilipenda kufungua kikao. Nilipenda kusema "yatokanayo na kikao kilichopita" na watu wazima wananyamaza. Tulikuwa tunakaa kwenye kibanda cha stoo, kwenye mabenchi, kuanzia saa moja asubuhi. Sala, salamu, kusoma kumbukumbu za jana, yatokanayo, maagizo ya ofisi, taarifa ya stoo, taarifa ya dereva, taarifa ya mafundi, taarifa za wachimbaji, mengineyo, kufunga, sala. Siku moja tulizungumzia koleo lililopotea mpaka jua likapanda juu ya vichwa. Kila mtu alieleza alilishika lini mara ya mwisho. Tumpale akasimama akasema, "Malafyale, mabomba yamelala kule mtaroni tangu jana yanatungoja. Nadhani yenyewe yameshafunga kikao." Watu wakacheka. Mimi nikaandika kwenye daftari kwamba fundi aonywe kwa utovu wa nidhamu.

Koleo lilikuwa nyuma ya mlango wa stoo.

Mnaweza kusema, kama ni hivyo, vikao vifutwe. Nilijaribu hata hilo. Kwenye mradi mmoja nilichoka, nikasema kila kikosi kifanye kazi yake, asiyejua aulize. Kikosi kimoja kilichimba kutoka juu, kingine kutoka chini, wakutane katikati. Baada ya wiki tatu walikutana kwa kusikia sauti tu. Mitaro miwili ilikuwa imepishana, katikati yake limesimama shamba la migomba la mama mmoja ambaye alitutazama, akaangalia mtaro wa kushoto, akaangalia wa kulia, akatuuliza kama tunamjengea barabara. Kikosi cha juu kilikuwa kimekwepa mwamba, kikosi cha chini hakikujua. Maneno mawili kila asubuhi yangetosha. Kwa hiyo msinielewe vibaya: watu wanaofanya kazi moja lazima wasemezane kila siku. Swali ni nani aseme nini, na nani akatwe.

Hapo ndipo nilipokosea.

Tulikuwa tunaleta maji kwenye vijiji vya chini ya milima, upande wa Matema. Mvua za masika zilikuwa zimeshika. Mkandarasi alituletea injinia mpya, kijana mwenye adabu. Alikaa kwenye kikao chetu asubuhi moja, akatazama saa yake mara nne, na tulipomaliza akanivuta pembeni. "Mzee wangu," akasema, "kikao hiki kinakula robo ya siku. Kisizidi dakika ishirini." Alikuwa sahihi kabisa. Nawaombeni msimlaumu yule kijana. Yeye alisema kikao kiwe kifupi. Mahali pa kukata nilichagua mimi.

Mtu akipewa kisu cha kukata kikao, hakati sehemu yake. Mimi sikuacha kusoma maagizo ya ofisi, ingawa yalikuwa yamebandikwa mlangoni na kila mtu alikuwa ameyasoma wakati anasubiri. Sikuacha kuanza na wakubwa. Nilichofuta ni mengineyo. Na taarifa za wachimbaji nikazifanya neno moja moja. Nikiita jina la sehemu ya mtaro, mkuu wake anajibu "salama" au "kuna tatizo", mimi naandika. Kwa hesabu zangu lilikuwa jambo la kisasa. Dakika kumi na tano nilisema mimi, dakika tano zikagawanywa kwa watu wanaoshika udongo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili hamtalikuta kwenye vitabu vyenu vya stendapu, ambavyo nadhani vimeandikwa na watu wanaoamkiana kwa njia nyingine. Kwetu mtu akiulizwa habari, jibu la kwanza si habari. Ni heshima. Nenda kwenye nyumba yenye msiba uulize habari za hapa. Utaambiwa ni nzuri, ila baba ametutoka. Mtu mwenye homa atakwambia hajambo, ila kichwa. Kwanza anakupa amani, ndipo anakutwisha mzigo. Na kama wewe ni mkubwa wake, amani inakuwa ndefu zaidi, na mzigo unachelewa zaidi. Kila mtu wa huku anajua hivyo, mimi pia nilijua, nilizaliwa humo. Lakini niliposhika daftari nilijifanya sijui. Nikaweka utaratibu unaopokea heshima ya mtu na kufunga mlango kabla habari yake haijaingia.

Mkuu wa sehemu ya nne alikuwa Yohana, Mkisi wa Lyulilo, pale ufukweni mwa ziwa wanapouza vyungu. Mtu mrefu, mtaratibu, aliyekuwa anavua kabla ya kuchimba. Wengi wetu tulikuwa Wanyakyusa, tukitaniana kwa lugha yetu. Yeye alikuwa anazungumza Kiswahili cha polepole, akichagua neno kama mtu anayechagua pa kukanyaga kwenye mawe ya mto. Mara nyingi nilimmalizia sentensi. Nilidhani namsaidia.

Sehemu ya nne ilipita kwenye mgongo wa kilima. Ili bomba lishuke bila kuinuka, mtaro ulibidi uwe na kina kirefu kuliko mahali pengine popote, kiasi kwamba mtu akisimama ndani na kunyoosha mkono, vidole tu vinaonekana. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito, umelewa maji. Mtaro wa aina hiyo una dalili yake, na aliyechimba muda mrefu anaijua: ufa mwembamba unaokimbia sambamba na ukingo, hatua moja kutoka shimoni. Ukiuona, unaondoa lundo la udongo lililo karibu, unaegemeza magogo na mbao pande zote mbili, na hakuna anayeingia mpaka hapo. Yohana aliuona jioni, mvua ilipokatika.

Asubuhi nilisoma maagizo. Nikasema sehemu ya nne iko nyuma, inatuaibisha. Nikapokea taarifa ya stoo, ya dereva, ya mafundi. Nje lori lilikuwa linapiga honi. Nikaita:

"Sehemu ya kwanza?"

"Salama."

"Ya pili?"

"Salama."

"Ya tatu?"

"Salama, msimamizi."

"Ya nne?"

"Salama, baba," akasema Yohana, "ila..."

"Salama," nikasema, nikaandika. "Ya tano?"

Nilimwona. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo, kwamba nilimwona. Alikuwa ameinua mkono wa kulia usawa wa kifua, kidole gumba na cha shahada vimeachana kidogo, kama mtu anayetaka kuonyesha upana wa kitu. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akaushusha, akavaa kofia yake, akatoka na wenzake. Kikao kilikuwa kimetumia dakika kumi na nane. Nilijisikia vizuri.

Yaliyofuata nilielezwa. Yohana alifika, akawazuia wachimbaji wote wasishuke. Akakata magogo mawili ya porini kwa sababu mbao zilikuwa stoo na stoo haitoi bila agizo langu. Akamchukua mtu mmoja tu, Asajile, jirani yake wa Lyulilo, wakashuka wawili kuegemeza ukuta. Ukuta uliwakuta na gogo la kwanza mikononi. Asajile alivunjika nyonga. Yohana walimtoa akiwa amekwisha kufa.

Siku chache baadaye walikuja watu wa mkandarasi kuuliza. Tulikuwa kwenye kibanda kilekile. Mmoja akasema, "Mkuu wa sehemu alitoa taarifa ya hatari kwenye kikao cha asubuhi?"

Nikafungua daftari. Nikasoma: "Sehemu ya nne, salama."

"Hakusema zaidi?"

Nikasema, "Kilichoandikwa ndicho hiki."

Ona jinsi mtu mwenye elimu kidogo anavyodanganya. Sikusema uongo. Nilisoma. Wakaandika kwamba marehemu aliiona hatari tangu jioni, kama Asajile alivyoeleza kitandani, lakini hakuitaja kikaoni, na akamwingiza mwenzake shimoni. Wakafunga jalada. Tumpale alikuwa amekaa benchi la nyuma. Asubuhi ile na yeye alikuwepo na alisikia. Tulipotoka nje nilisubiri anikejeli, maana ndiyo tabia yake. Alisema tu, "Umesoma vizuri," akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuniita Malafyale tena. Aliniita msimamizi mpaka alipostaafu, mpaka alipofariki.

Nilifanya kazi miaka mingine kumi na moja. Sitasema niligeuka kuwa mtu mwema, lakini vikao vyangu viligeuka. Nilihama kibandani. Kikao tulikifanya mtaroni, tumesimama ukingoni mwa kazi yenyewe, kwa sababu mtu akiwa mbele ya kitu, hata asipokuwa na maneno, ana kidole cha kuonyesha. Nilianza na aliye chini kabisa shimoni, nikamaliza na mimi, na mara nyingi zamu yangu ilipofika sikuwa na la kusema, wenzangu walikuwa wamekwisha kulisema. Maagizo ya ofisi yalibaki mlangoni. Mimi sikuwa redio ya kuwasomea watu wanaojua kusoma.

Niliacha kuuliza habari. Habari niliuliza wakati wa kusalimiana, na watu wakanijibu nzuri, na ilikuwa nzuri ya heshima, haidhuru mtu. Kazini niliuliza, "Leo utakwama wapi?" Mwanzoni walinitazama kama nawatakia mabaya. Dereva mmoja alinijibu, "Kwani umeota nini, mzee?" Lakini swali hilo halijibiwi kwa salama. Linamlazimu mtu aanze na ila.

Mafundi wawili wakianza kuvutana juu ya kiungio, niliwaambia, "Ninyi wawili, bakini hapa tukimaliza," wengine wakaenda kazini. Zamani tungesimama ishirini tukiwatazama wawili. Anayetaka kusema Kinyakyusa aseme, anayetaka Kikisi atafutiwe wa kumfasiria. Na mtu akinyamaza, mimi nilinyamaza naye. Nilihesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo. Mnajua kumi ni ndefu kiasi gani mbele ya watu waliosimama kwenye matope? Ukifika sita, kuna anayekohoa. Ukifika nane, mara nyingi kuna anayesema.

Vikao hivyo vilikuwa vya dakika kumi, kumi na mbili. Vifupi kuliko vya yule injinia. Hakuna aliyekatwa. Nilichokata ni maneno yangu.

Basi nilistaafu nikijua yote hayo, nikawa nafundisha wengine kila waliponiuliza, nikionekana mzee mwenye busara ya kazi. Hakuna aliyeniuliza nilijifunzia wapi. Jina la Yohana lilibaki pale nilipoliacha.

Sasa nirudi kwenu. Siku mbili baada ya lile swali la Ipyana, nilimkuta mwenzenu Atupele nyuma ya nyumba kwenye bomba anajaza ndoo, uso umemshuka. Ameniruhusu niliandike hili. Nilimuuliza habari ya kazi.

"Nzuri, babu," akasema. Nikahesabu. Nilipofika saba akasema, "Ila ile fomu yetu ya kusajili wakulima wa kakao inapoteza majina. Mtandao ukikatika katikati, mtu anayejaza anaona imekubali, kumbe haijaingia. Kule vijijini mtandao unakatika kila saa."

"Umewaambia wenzako?"

"Nilianza kusema jana. Jogoo akawika."

"Na leo?"

"Leo nimesema sina kikwazo. Babu, Ipyana anajitahidi sana kikao kiwe kifupi. Mimi ndiye mgeni wao. Nitaonekana ndiye ninayerefusha."

Nilifunga bomba ndoo haijajaa, nikaketi chini. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ila naomba uingie ndani sasa hivi ukawaambie, usisubiri asubuhi. Aliingia. Nilikisikia kishindo chenu mkigundua ukubwa wa jambo. Nikasikia pia Ipyana anasema, "Dada, mbona hukusema?" kisha, kabla Atupele hajajibu, akajirekebisha mwenyewe, "Hapana. Mbona sikusikia." Kwa neno hilo, Ipyana, wewe una miaka ishirini na sita na umenipita mimi wa sabini na nne.

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi kwenda Matema, nikatembea kwa miguu ufukweni mpaka Lyulilo.

Ilikuwa siku ya gulio. Mitumbwi ilikuwa imefika na vyungu vimepangwa mchangani. Mjane wa Yohana, Mama Tumaini, alikuwa amekaa nyuma ya vyungu vyake, anavifuta mchanga kwa kitambaa. Nilimtambua kabla hajainua uso. Alipouinua, na yeye akanitambua.

"Msimamizi," akasema. "Umezeeka."

"Nimezeeka, mama."

"Unataka chungu?"

"Nimekuja na neno la Yohana."

Akaendelea kufuta. "Yohana ana neno gani leo?"

Nilichuchumaa mbele ya vyungu, nikamwambia. Kikao, majina ya sehemu, honi ya lori, ila. Nikamwambia juu ya daftari, na walivyoniuliza, na nilivyosoma. Mwisho nikataja mkono wake, bila kueleza.

"Mkono gani?" akauliza.

"Aliinua mkono. Vidole hivi." Nikamwonyesha.

Kitambaa kikasimama. Akatazama vidole vyangu, wala si uso wangu.

"Jioni ile tukila alinionyesha hivyohivyo," akasema. "Nikamwambia, kaseme. Akasema, kesho nitasema kikaoni. Halafu wakaniletea habari kwamba hakusema. Watu wa kwa Asajile wakaja kunisema: Mumeo alijua, akanyamaza, akamvunja ndugu yetu. Na mimi nikaamini, msimamizi. Nilijua Kiswahili kilikuwa kinamtia aibu mbele yenu. Nikasema, aliogopa. Nimemkasirikia marehemu miaka yote hii. Unaijua kazi ya kumkasirikia marehemu? Hata hajitetei."

"Nisamehe, mama."

"Hilo la kusamehe tutalitazama." Akakunja kitambaa, akamwita jirani yake amwangalizie vyungu. "Inuka. Asajile yupo nyumbani."

"Twende leo hii?"

"Unataka kwanza tukae kikao?"

Alitembea mbele, mimi nyuma. Hakugeuka kunitazama njia nzima. Nyumba ya Asajile iko juu kidogo, chini ya mlima, na yeye alikuwa ukumbini amekaa kwenye kiti, fimbo imeegemezwa ukutani, anashona wavu. Alipomwona Mama Tumaini aliacha kushona. Baadaye nilielewa kwamba mama alikuwa hajakanyaga hapo tangu msiba.

"Karibu," Asajile akasema kwa mashaka. Kisha akaniona. "Loo, na msimamizi wa mitaro. Umepotea njia?"

"Ana neno," Mama Tumaini akasema. "Mimi nimeshalisikia. Ni lako."

Njiani nilikuwa nimelifupisha. Nilikuwa nimeliweka kwenye sentensi tatu, ili nisimchoshe mtu mgonjwa, au labda ili mimi nisichelewe kutoka. Nikasimama mbele yake, nikaanza: "Asajile, asubuhi ile Yohana alitaka kusema, mimi nilimkata, na kwenye uchunguzi nilificha. Kosa ni langu, si lake. Nimekuja kuomba..."

Akainua mkono, nikanyamaza.

Alimtazama Mama Tumaini, ambaye alikuwa amesimama bado, hajaambiwa aketi na hajaomba. Asajile akavuta fimbo yake, akainuka kwa shida, akamsukumia kiti chake mwenyewe kwa mguu ule mzima. "Kaa, shemeji," akamwambia, na mama akakaa.

Kisha akajishusha taratibu kwenye mkeka, akapapasa nafasi mbele yake.

"Na wewe kaa," akaniambia. "Unasema mbio. Unakimbilia wapi? Kaa hapo, uanze mwanzo, uniambie alivyosema."